Nani awe Eliza? Tumebaki na nafasi mbili kubwa za My Fair Lady, Mombasa

Mwelekezi wa Kibokoni

Salaam aleikum wapenzi wa jukwaa, wa kisiwani na wa ng'ambo zote, Likoni, Kisauni, Changamwe.

Usiku wa nne huu jambo hili laninyima usingizi. Kikundi chetu kinarudisha jukwaani My Fair Lady, safari hii kwa Kiswahili, na Jumamosi ndiyo siku ya mwisho ya usaili. Wahusika wengine nimeshawapata. Alfred Doolittle, babake Eliza, nalimpata siku ya kwanza: mzee mmoja wa Majengo aliingia akiomba radhi kwa kuchelewa, na kwa namna alivyoomba radhi nikajua ndiye. Freddy, yule ampendaye Eliza, naye yuko, kijana wa tenori safi. Kazi imebaki kwa wenye mchezo wao, Eliza na Profesa Higgins.

Kwa asiyeujua: Eliza Doolittle ni muuza maua wa London ambaye akifungua kinywa tu watu wamjua katoka mtaa gani. Higgins ni bingwa wa matamshi. Anaweka dau na Kanali Pickering kwamba baada ya miezi sita atampeleka yule binti kwenye dhifa ya wakubwa na asitambulikane. Muziki ni wa Frederick Loewe, maneno ya Alan Jay Lerner, na wote wawili walijenga juu ya mchezo wa Pygmalion wa George Bernard Shaw. Ulifunguliwa Broadway tarehe 15 Machi 1956 ukaonyeshwa mara 2,717.

Sasa nisikilizeni. Wanaowania Eliza ni mabinti watatu. Yuko mmoja wa Kisauni, soprano wa kwaya tangu utotoni, noti za juu azifikia bila kukaza shingo. Yuko wa Bamburi, ambaye huenda mumemuona kwenye video zake. Sura kajaliwa, mwendo kajaliwa, na wafuasi wake peke yao wajaza ukumbi. Kuimba hawezi. Wenzangu wawili wa kamati wasema hilo si neno, yeye asimame mbele na wa Kisauni aimbe nyuma ya pazia. Na yuko wa Mji wa Kale, miaka 19, amezoea kasida na nyimbo za harusini, jukwaa hajawahi kulipanda. Nilipomwambia asome ukurasa wa kwanza alisoma kwa lahaja ya nyumbani kwao, "ndoo" badala ya njoo, "mato" badala ya macho. Kamati ikacheka. Mmoja akasema huyu hana Kiswahili cha jukwaa.

Higgins ni wawili. Mwalimu wa Kiswahili wa shule ya upili, miaka 36, kazaliwa bara, sanifu yake haina doa, kuimba hajui kabisa. Na mwimbaji wa taarab wa miaka 60 hivi, mwenye sauti ambayo ukiisikia wasahau ulikokuwa ukienda.

Moyo wangu kwa sasa uko kwa soprano wa Kisauni na mzee wa taarab. Lakini sijatulia. Nisaidieni.

Mama wa Kwaya, Tudor

Dada, mbona wajitesa? Mwenye sauti yuko mbele yako. Huu ni mchezo wa nyimbo. Eliza aimba akiwa na njaa na baridi, aimba kwa hasira, kisha aimba ule wimbo wa usiku wa ushindi ambao mwisho wake wapanda juu na hauna pa kujificha. Binti asiye na mafunzo atakauka koo onyesho la pili. Nimefundisha kwaya miaka 22. Uigizaji waweza kumfunza mtu kwa miezi miwili, pumzi ya soprano huifunzi kwa miezi miwili.

Fundi Taa, Ganjoni

Wa kwaya au wa kasida, hilo mwamueni nyinyi. Mimi nasema moja tu: hiyo habari ya pazia iacheni. Nimewasha taa za maonyesho mengi hapa mjini, na mtazamaji wa safu ya tatu huona koo la mwimbaji. Koo lisilotikisika laonekana.

Binti wa Nyali

Fundi, mbona filamu ilifanya hivyo hivyo na watu wakaipenda? Ile ya 1964 Audrey Hepburn hakuimba sehemu kubwa ya nyimbo zile. Aliyeimba ni Marni Nixon. Na Nixon huyo huyo alikuwa ameshawaimbia waigizaji wengine, Deborah Kerr mwaka 1956 na Natalie Wood mwaka 1961. Kama wakubwa wale waliona sawa, sisi ni nani? Wa Bamburi ataleta watu. Kodi ya ukumbi hailipwi kwa soprano.

Mwelekezi wa Kibokoni

Mwanangu, nakujibu hili kwa urefu maana lina kidonda.

Filamu ni filamu, sauti yaingizwa baadaye na mtazamaji haoni kitu. Hata hivyo itazame habari yenyewe. Julie Andrews ndiye aliyekuwa Eliza wa Broadway. Mwenye kampuni ya filamu, Jack Warner, akamuacha kwa sababu alitaka jina ambalo watu wa sinema walijua. Hepburn alijifunza nyimbo zile, akazirekodi, kisha wakaziondoa karibu zote. Mwaka ule tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike akapewa Andrews kwa filamu nyingine, Mary Poppins, na Hepburn hata kupendekezwa hakupendekezwa. Mimi humuonea huruma Hepburn. Alifanya kazi yake yote, na nusu yake ikafanywa ya mtu mwingine.

Kidonda changu ni hiki. Miaka mitatu nyuma, katika kikundi kingine nilichokuwa nikisaidia, tulifanya hivyo hivyo. Msichana mzuri mbele, mwimbaji nyuma ya kitambaa cheusi. Usiku wa pili maikrofoni ikakatika, yule wa mbele akaendelea kufungua kinywa, ukumbi mzima kimya. Lakini hilo lilipita. Lililobaki nami ni la baada ya onyesho: watu walikuja na maua na simu za kupiga picha, wakampita yule mwimbaji mlangoni bila kumjua. Alikuwa ameshika begi lake akisubiri matatu ya kumrudisha Mikindani. Hakuja tena mazoezini, na namba yake haikupatikana. Sifanyi tena. Eliza wangu ataimba mwenyewe kwa koo lake.

Ami wa Makadara

Salaam. Kwa Higgins naona munakwenda mrama, niwieni radhi. Huyo mzee wa taarab namjua na namheshimu, lakini Higgins hakuandikwa kwa ajili ya mwimbaji. Rex Harrison, aliyeanzisha nafasi hiyo 1956, hakuwa mtu wa kuimba. Nyimbo zake zilitungwa ili azisemee juu ya muziki, aguse noti pale anapotaka na kuiacha. Hofu ya okestra ilimshika hata jioni ya onyesho la kwanza kabisa kule New Haven akasema hapandi jukwaani, mpaka karibu na saa yenyewe ndipo akakubali. Kwenye filamu nayo alikataa kufuatisha sauti iliyorekodiwa kabla, kwa kuwa hakuwahi kusema mstari kwa namna moja mara mbili, wakamfichia maikrofoni ndogo kwenye tai yake.

Higgins ni mtu anayependa maneno kuliko watu. Ukimpa mwimbaji wa taarab nafasi hiyo, atazifanya zile nyimbo ziwe tamu. Zikiwa tamu, Higgins kafa. Mwimbaji wa taarab aimba ili umpende. Higgins hajali kupendwa.

Mpe mwalimu.

Mama wa Kwaya, Tudor

Hapo Ami nakuunga mkono, na inanishangaza maana huwa hatukubaliani.

Shangazi wa Likoni

Na umri je? Mbona hakuna aliyeutaja? Mzee wa miaka 60 na binti wa miaka 19 wamekaa nyumba moja miezi sita, kisha mwisho binti arudi, mzee aulize viatu vyake viko wapi, pazia lifungwe. Hapa Mombasa mtazamaji hataona somo la lugha. Ataona posa. Mimi nina mabinti wanne na sitakaa kwenye kiti nikishangilia hilo.

Mwelekezi wa Kibokoni

Shangazi, umegusa penyewe. Mwaka 1956 Harrison alikuwa na miaka 48 na Andrews 20, na watu waliipokea hivyo. Lakini Shaw mwenyewe hakuwahi kutaka waoane. Pygmalion ilipochezwa London mwaka 1914, Higgins wa siku hizo, Herbert Beerbohm Tree, alikuwa akimrushia Eliza maua kabla pazia halijashuka, ili watu waondoke na harufu ya harusi. Shaw alikasirika, na baadaye akachapisha maelezo kwamba Eliza anaolewa na Freddy. Jambo jengine la mwaka ule: Eliza alichezwa na Mrs Patrick Campbell, na alikuwa na miaka 49. Kwa hiyo umri kwenye nafasi hii umepinda kila upande tangu mwanzo.

Walioirudisha New York mwaka 2018, chini ya uelekezi wa Bartlett Sher, walimchukua Higgins kijana, Harry Hadden-Paton, na Eliza wao, Lauren Ambrose, alimzidi umri. Pale mwisho Eliza anamuangalia, kisha anashuka jukwaani na kuondoka kupitia kwa watazamaji. Maneno ya mwisho hayakuguswa. Miguu yake ndiyo iliyobadilisha maana. Nilipoiona picha ya mwisho ule nilikaa kimya muda mrefu.

Basi, mwalimu wa miaka 36. Mzee wa taarab nitakwenda kwake mwenyewe kumuomba radhi, nyumbani, si kwa simu.

Kijana wa Swahilipot

Swali la haki. Kutafsiri My Fair Lady si mnahitaji ruhusa?

Mwelekezi wa Kibokoni

Twahitaji, na barua imeshakwenda kwa wenye haki. Lerner alifariki 1986 na Loewe 1988, sheria ya Kenya yalinda kazi miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Shaw alifariki 1950, kwa hiyo Pygmalion yake kwetu iko huru tangu zamani. Tukinyimwa ruhusa ya nyimbo, tutachukua mchezo wa Shaw na kutunga nyimbo zetu. Kwa njia zote mbili Eliza ni Eliza na Higgins ni Higgins, ndiyo sababu usaili haungoji.

Maalim Mvita

Nimesoma yote kwa makini. Niruhusuni niseme lililonikaa kooni tangu ujumbe wa kwanza.

Kamati ilimcheka binti wa Mji wa Kale kwa kusema "ndoo" na "mato". Nawauliza wana kamati: hicho walichokicheka ni nini? Ni Kimvita, lahaja ya Mombasa. Ni lugha ya mshairi Muyaka bin Haji. Mmishenari Krapf alipokaa hapa karne ya kumi na tisa na kuandika maneno ya Waswahili, lahaja aliyoiegemea ni hii, na kamusi yake ikachapishwa 1882. Kisha mwaka 1928 mkutano wa nchi zilizotawaliwa na Waingereza ulikaa papa hapa Mombasa, na katika mji huu huu ukaamua kwamba msingi wa Kiswahili sanifu uwe Kiunguja. Kamati ya lugha ikaundwa 1930. Tangu hapo mtoto wa Kuze au Kibokoni huingia darasani akisema "mtele" na "ndia" kama mamake, na hutoka na alama nyekundu kwenye daftari.

Sasa tazama mchezo wenu. Mwafikiria Eliza ni msichana asemaye vibaya na Higgins ni mwenye lugha njema, kwa hiyo mwatafuta binti "msafi" atakayejifanya mchafu sehemu ya kwanza. Nami nimekuwa na hofu nyengine, ambayo naijua Mombasa yetu: mtampa Eliza lafudhi ya kabila fulani, ya Mmijikenda au ya mtu wa bara, ukumbi ucheke, na nusu ya watazamaji warudi nyumbani wametukanwa. Hilo msilifanye.

Geuzeni. Eliza awe mwenye mji. Aseme Kimvita chake, kilichokuwepo kabla ya vitabu. Higgins awe mtu wa sanifu, amekuja na kamusi, anamwambia mwenye mji kwamba hajui kusema. Mpate Eliza asiyekosa ulimi. Ana ulimi wake tangu kwao, ila umeambiwa si ulimi.

Na lile zoezi la mshumaa mwalikumbuka? Higgins amuwekea Eliza moto mbele ya kinywa ili ajifunze kutoa pumzi ya herufi h, maana watu wa mtaa wake huimeza. Kwa Kiswahili h haitufai kitu. Lakini twalo zoezi letu, tena ni kamili. Sema "paa" la nyumba, kisha "paa" mnyama. Sema "kaa" la moto, kisha "kaa" wa baharini. Sema "tembo" la mnazi, kisha "tembo" ndovu. Kwenye maandishi ya sanifu ni neno moja. Kinywani mwa Mvita ni maneno mawili: paa la nyumba halitikisi mshumaa, paa mnyama autikisa. Wekeni mshumaa Jumamosi, wote wasome, muone nani anausogeza moto.

Fundi Taa, Ganjoni

Maalim, nimefanya hapa mezani na kiberiti. Wallahi ni kweli. Kaa la moto, umesimama. Kaa wa baharini, umelala.

Binti wa Nyali

Mimi nimejaribu mara kumi na moto wangu wasimama kote. Nimezaliwa Mombasa lakini nyumbani tumekulia Kiingereza. Sikujua kuna tofauti.

Mwalimu wa Changamwe

Nimejiuliza kwa siku mbili kama niandike. Mimi ndiye yule mwalimu anayewania Higgins.

Maalim, nilifika Mombasa miaka 11 iliyopita na shahada ya Kiswahili. Wiki ya kwanza nilikwenda Marikiti kununua kaa. Muuzaji akanielekeza kwa wauza makaa. Nilirudia neno mara tatu, kila mara akinyoosha kidole kule kule kwa makaa, na watu wakaanza kusimama kutazama. Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Jumatatu nikaingia darasani na kumsahihisha mtoto aliyeandika "mtele". Sikuyaunganisha mambo hayo mawili mpaka nilipousoma ujumbe wako.

Nakuomba uelewe, sanifu ndiyo iliyonipa mimi Kiswahili. Nyumbani kwetu hakuna aliyekisema. Nilikipata kitabuni, nikakipenda kitabuni, na ndicho kinachonilisha. Nikimcheza Higgins sitamcheza kama mtu mbaya. Nitamcheza kama mtu anayekipenda kitu sana hata haoni aliyesimama mbele yake. Huyo namjua.

Na mshumaa mimi siwezi kuusogeza. Nimejaribu.

Ami wa Makadara

Dada mwelekezi, Higgins wako ameshajieleza. Usitafute tena.

Mama wa Kwaya, Tudor

Maneno mazuri, lakini bado narudi kwa koo. Binti wa kasida ataimbaje nyimbo zile? Kasida hukaa katikati, soprano hupanda. Mtamuumiza sauti kwa ajili ya wazo.

Mwelekezi wa Kibokoni

Mama, hofu yako naichukua kwa uzito wote, na ndiyo maana nakuomba uje Jumamosi ukae kwenye kinanda wewe mwenyewe. Ushushe nyimbo kwa kiasi cha sauti yake kama itahitajika, au useme haiwezekani. Nitakusikiliza.

Mamake Binti

Asalaam aleikum. Mimi ndimi mamake huyo wa Mji wa Kale. Mwanangu kanionyesha yaloandikwa hapa. Kwanza Maalim, Mungu akulipe. Siku ile alirudi yuwalia, akasema hataki tena, na mimi nikamwambia asirudi.

Ikiwa mwamtaka, nina maneno yangu. Mazoezi yasipite Maghrib. Mimi nitakuja nikae, sitasema kitu, nitakaa tu na ukili wangu nisuke. Na ile ngoma wanayocheza baada ya kufaulu somo, sikubali ashikwe mkono na mwanamume asiye maharimu wake. Auze maua, aimbe, atete, amtupie viatu huyo mwalimu, hayo yote sawa. Kushikwa mkono hapana.

Shangazi wa Likoni

Bi mkubwa, umenena. Na hiyo ngoma si lazima washikane. Kwetu mwanamke hucheza lelemama kwa mstari na wenzake, hucheza na vugo mkononi, hakuna mtu aliyemshika na harusi yapendeza. Higgins aruke peke yake na kitabu chake, Eliza azunguke na kapu lake la maua, Pickering apige makofi katikati. Furaha itaonekana tu.

Mwelekezi wa Kibokoni

Mama, masharti yako yote matatu nimeyaandika na nimeyakubali. Na aliyecheka siku ile amekuja kwangu, atamuomba radhi binti ana kwa ana. Shangazi, ngoma uje uitunge wewe.

*(Jumapili)*

Mwelekezi wa Kibokoni

Nawaletea habari za jana kama zilivyokuwa.

Tulianza na mshumaa. Wa Kisauni alisoma vizuri, kila neno wazi, moto ukasimama wima kwa paa zote mbili. Wa Bamburi vivyo hivyo. Wa Mji wa Kale akaingia na mamake nyuma yake. Sikumwambia zoezi lahusu nini. Nilimpa karatasi tu. Paa la nyumba, moto kimya. Paa mnyama, moto ukainama kama umeitwa. Kaa, kaa. Tembo, tembo. Hakukosea hata moja, wala hakujua kwamba anafanya jambo. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni akingoja zamu yake. Akasogea, akaomba asome yeye, moto haukutikisika. Akasema, "Tena." Yule binti akamrudia polepole, naye akajaribu, mara nne, mara tano. Binti akamwambia, "La, mwalimu, toa pumzi kama wazima kandili." Sikuwa nimewaambia waigize. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu yangu ya pili ya mchezo, imejileta yenyewe: mwanafunzi anamfunza mwalimu. Nimeandika yote kwenye daftari na nitawaombea wenye haki waikubali.

Kisha nikamwambia asome sehemu ya mwisho, pale Eliza amwambia Pickering kwamba lugha yake ya zamani ameisahau na hawezi tena kusema ila kwa lugha yao. Shaw ameliandika hilo. Akasoma kwa sanifu safi, hakuna "ndoo", hakuna "mato". Kumbe shuleni alikuwa akipata alama za juu muda wote. Akafika mwisho wa mstari akanyamaza. Mamake kule nyuma akaacha kusuka.

Kuimba, namuachia Mama wa Kwaya aseme.

Mama wa Kwaya, Tudor

Nitasema ukweli. Sauti ya chini na ya kati iko, nzito, ina ukali mzuri kwa zile nyimbo za hasira. Juu hajafika. Nilishusha wimbo wa usiku wa ushindi tuni mbili na bado alikaza mara moja. Lakini pumzi anayo. Mwenye kusoma kasida ndefu bila kukata amejifunza pumzi bila kuambiwa ni pumzi, na hilo sikulitegemea. Kwa miezi minne, siku tatu kwa wiki, nitamfikisha. Bado naamini wa Kisauni ni mwimbaji bora kuliko yeye na sitaki lifichwe.

Mwelekezi wa Kibokoni

Halifichwi. Nimeketi na wa Kisauni baada ya usaili, nimemwambia kwa kinywa changu. Alilia kidogo, kisha akauliza kama atapewa usiku wake. Atapewa. Sitaki mbadala wa kukaa nyuma akingoja mwenzake augue. London mwaka 2001, Martine McCutcheon alipokuwa Eliza kwenye National Theatre, aliugua mara nyingi na mbadala wake wakapanda jukwaani mara kwa mara. Sisi twaonyesha usiku nne. Tatu ni za binti wa Mji wa Kale na mmoja ni wa Kisauni, jina lake kwenye tangazo, herufi ukubwa ule ule. Naye usiku wake atasema lafudhi ya kwao Kisauni, hataiga Kimvita. Mwalimu atalazimika kusahihisha vitu tofauti usiku huo, na amekubali.

Wa Bamburi nimempa Mama Higgins, mamake Profesa. Nafasi hiyo haina wimbo hata mmoja, na yahitaji mtu ambaye akiingia chumbani wote wasimama. Alinishukuru, akasema hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya mtu mwenye akili.

Binti wa Nyali

Kweli nilikosea kuhusu pazia. Nitauza tiketi, niwekeni kwenye orodha.

Mwalimu wa Changamwe

Mwelekezi, ombi moja. Zoezi la mshumaa tulifanye tangu mazoezi ya kwanza, na mimi nisiambiwe jibu. Nataka siku ya onyesho niwe bado nashindwa kwa kweli, au niwe nimeweza kwa kweli.

Mwelekezi wa Kibokoni

Sawa. Mazoezi yaanza Jumanne saa tisa u nusu alasiri, tumalize saa kumi na mbili kasorobo, kabla ya adhana. Kiti cha Mama kitakuwa karibu na mlango. Fundi Taa, tatizo ni upepo: madirisha ya upande wa bahari hayafungiki na jana mshumaa ulizimika mara mbili.

Fundi Taa, Ganjoni

Ninacho kioo cha kandili ya bibi yangu, kimekatwa upande mmoja. Upepo hauingii, pumzi ya mtu yaingia. Nitakileta Jumanne.